Ndege inanunuliwa, lakini nani atafundisha rubani?

Toka mwaka wa 2022 kuna habari moja yenye kurudi-rudi katika magazeti ya Ulaya. Huku kwetu wengi tunaipitia haraka, tunasema: hayo ni mambo ya Wazungu na Wachina. Habari yenyewe ni hii: marubani wa zamani wa jeti za vita, wale waliofundishwa na Uingereza, Marekani na Ujerumani, walifuatwa na watu wenye feza na kuombwa waende kufundisha marubani wa China. Hawakuombwa kuiba ndege. Hawakuombwa kubeba bomu hata moja. Waliombwa kuleta kitu kimoja tu: kile wanachojua.

Sisi watu wa sendika katika madini hatuna ndege. Lakini habari hii inatugusa, sababu ndani yake kuna ulizo tunalolijua tangu zamani: mayele ambayo mufanyakazi anabeba katika kichwa na katika mikono ni ya nani? Ni ya patroni aliyelipa masomo, ao ni ya mwenyewe? Na inchi yenye kununua mashini bila kutunza wale wenye kufundisha, siku mashini ikinyamaza, inabakia na nini?

Rubani hatoki katika kitabu

Tuanze na kazi yenyewe, sababu wengi tunaiona katika sinema tu. Jeti ya vita ikienda mwendo wake wa kawaida inakata kilometri kumi na tano kwa dakika moja. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, ni dakika nane hivi. Mutu mwenye kukaa ndani yake hana wakati wa kufikiri muda mrefu. Mikono inapashwa kujua mbele ya kichwa. Mambo hayo hayajifunzwi kwa kusoma tu. Unayapata kwa mutu mwingine, mwenye kukaa nyuma yako katika ndege ya viti viwili, anaona kila kitu unachofanya, mikono yake iko karibu na usukani lakini haigusi.

Kazi hiyo iko na desturi zake. Moja ni hii: mwalimu na mwanafunzi hawapokezani usukani kwa kimya. Mumoja anasema "ninashika mimi", mwenzake anajibu "shika wewe", na wa kwanza anarudilia tena "ninashika mimi". Inafanana na muchezo wa watoto. Lakini watu walikufa sababu kila mumoja alizani mwenzake njo alishika.

Desturi ya pili ni kikao cha kisha kuruka. Ndege ikisha kushuka, wote wanaingia katika chumba, wanafunga mulango, wanaangalia tena picha na kusikiliza tena sauti za redio. Saa moja ya kuruka inaweza kuzaa masaa mawili ao matatu ya kuzungumuza. Katika chumba kile cheo kinabakia inje. Kapiteni anaweza kumwambia koloneli: pale ulikosa. Na koloneli anaandika. Hawatafuti mutu wa kuazibu. Wanatafuta mahali kosa lilianzia, ili kesho lisiue mutu.

Wale wenye kufanya kazi katika mashimo na ma-usine watatuelewa vizuri. Kwetu, kisha aksida, kitu cha kwanza mara nyingi ni kutafuta jina la kuandika kwenye barua ya azabu. Katika kompani moja tuliyoitumikia, shofere wa kamyo kubwa aliogopa kusema kama freni zake zinalegea, sababu mwenzake aliyesema mwezi wa nyuma alikatwa mushahara. Jeshi, ambalo tunalijua kwa amri na kofia, lilifahamu mbele ya ma-patroni wengi kwamba mutu mwenye kuogopa hatasema kweli, na pasipo kweli hakuna usalama.

Yote hayo yana bei. Mwaka wa 2019, watafiti wa RAND kule Marekani walihesabu: kumufikisha rubani mumoja wa F-16 kwenye kiwango cha kwanza cha kazi kunakula dola milioni 5,6. Kwa rubani wa F-22, ni dola milioni 10,9. Hatusemi bei ya ndege. Tunasema bei ya mutu.

Mwalimu anapanda katika ndege ileile

Mwalimu wa rubani hafundishi akisimama kwenye ubao. Kosa la mwanafunzi wake ni kosa katika mwili wake mwenyewe. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Rafale mbili za Ufaransa ziligongana juu ya Colombey-les-Belles, upande wa mashariki wa inchi ile. Rubani wa ndege moja aliruka na parashuti, akapona. Katika ile ingine kulikuwa viti viwili: kiti kimoja cha mwalimu, kingine cha mwanafunzi. Wote wawili walikufa pamoja.

Sasa, walimu hao wanatoka wapi? Wengine ni watu waliorusha jeti miaka mingi katika vikosi, kisha wanarudishwa ku masomo. Wengine, kule Marekani, ni vijana waliomaliza masomo jana tu: wanapewa mabawa ya kifua, kisha wanaambiwa, wewe bakia hapa, fundisha wanaokuja nyuma yako. Kwa kijana mwenye kuota F-16, hiyo siyo habari aliyoingojea. Na ndege anayofundishia mara nyingi ni nzee kumupita: T-38 ya Marekani iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1959, na ingali inafundisha. Ile ya kuipokea, T-7 ya Boeing, ilichaguliwa mwaka wa 2018 na ikachelewa miaka.

Huko Uingereza, vijana waliochaguliwa kuwa marubani wa jeti walipanga mustari miaka na miaka, wakingoja nafasi ya kuruka. Mara ndege ya Hawk iko na shida ya motere, mara walimu hawatoshi. Ukiwa na ndege mia na walimu kumi, una marubani wa walimu kumi. Ni hesabu ya kilasi cha kwanza, lakini serikali nyingi zinaikosa, sababu ndege inaonekana siku ya gwaride, na mwalimu haonekani.

Tusizani pia kwamba watu hawa ni malaika. Mwezi wa kumi na moja 2023, uchunguzi juu ya Red Arrows, kikosi cha michezo ya hewani cha jeshi la Uingereza, ulionyesha kwamba wanawake walisumbuliwa na wanaume wa kikosi, na wengine waliona wakanyamaza. Marubani wawili walifukuzwa. Watu walewale wenye kuhesabu kosa la mita mbili hewani, walipitia juu ya kosa kubwa chini. Hilo linatufundisha: desturi ya kusema kweli haitoshi kama iko kwa ajili ya mashini peke yake. Heshima ya mutu nayo inapashwa kuingia katika kile chumba chenye mulango wa kufungwa.

Soko la walimu

Turudie kwenye habari ya China. Mwezi wa kumi 2022, wizara ya ulinzi ya Uingereza ilisema wazi kwamba marubani wa zamani mpaka 30 walikwenda kufundisha jeshi la China. Mushahara uliotajwa ulikuwa karibu pauni 240.000 kwa mwaka. Jina lililotoka mara nyingi ni la masomo moja ya kurusha ndege yenye kuwa huku Afrika, kule Oudtshoorn, Afrika ya Kusini: Test Flying Academy of South Africa. Wenyewe walijibu kwamba kazi yao haivunji sheria na hawafundishi siri ya mutu. Marekani haikukubali: mwezi wa sita 2023 iliwaweka kwenye orodha ya wale ambao huwezi kuwauzia vitu vyake pasipo ruhusa.

Mwezi ule wa kumi 2022, polisi ya Australia ilimukamata Daniel Duggan, aliyekuwa rubani wa Marines wa Marekani na mwalimu wa kuruka, kisha akawa raia wa Australia. Marekani inamushitaki kwamba alifundisha marubani wa China namna ya kushuka juu ya meli yenye kubeba ndege, kati ya 2010 na 2012. Yeye anakana, anasema ni kesi ya siasa. Mwezi wa kumi na mbili 2024, waziri wa sheria wa Australia alikubali apelekwe Marekani. Sisi si mahakama. Mutu anahesabiwa hana kosa mpaka sheria iseme.

Ujerumani nayo iliguswa: mwezi wa sita 2023 waziri wake wa ulinzi, Boris Pistorius, alimuomba uso kwa uso waziri mwenzake wa China kwamba mambo hayo yasimame. Australia ilitoa sheria mupya mwaka wa 2024: mwenye kuwa zamani katika jeshi, akienda kufundisha jeshi la inchi ya kigeni pasipo ruhusa, anaweza kupata mpaka miaka 20 ya gereza.

Tunaelewa woga wao. Rubani hauzi tu namna ya kushika usukani. Anauza pia namna wenzake wanavyofikiri wakati wa vita, na hao wenzake wangali wanaruka. Maisha ya watu iko ndani. Kama kijana wenu atakufa kesho sababu mwalimu wake wa zamani alionyesha adui mbinu zake, hamuwezi kusema hiyo ni biashara kama biashara ingine.

Lakini kuna upande wa pili, na huo njo wetu sisi watu wa sendika. Serikali hizo zilikimbilia gereza mbele. Wachache waliuliza: sababu gani mutu aliyetumikia bendera miaka ishirini anasikiliza simu ya mugeni mwenye feza? Wengine ni tamaa, hatukatai. Lakini wengine walitoka katika jeshi bila mutu kuwauliza: mayele yako tutaiweka wapi sasa? Walipewa medali na mukono wa kuaga, basi. Kitu cha dola milioni kadha kiliachwa kipite mulangoni kwa miguu yake, na aliyekuja kukiokota akaitwa mwizi.

Askari hana sendika

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawasemi sana. Katika inchi nyingi rubani wa jeshi hana sendika. Marekani ilikataza kwa sheria sendika za jeshi mwaka wa 1978. Katika Ufaransa ilikuwa vilevile mpaka mahakama ya Ulaya ya haki za watu, kule Strasbourg, ilipotoa hukumu mwezi wa kumi 2014. Mwaka wa 2015 sheria ikaruhusu askari kuwa na vyama vyao vya kazi, lakini kugoma, hapana. Tunaelewa kwamba jeshi haliwezi kugoma kama usine. Mwenye bunduki akigoma, hiyo inaitwa jina lingine.

Lakini mutu asiye na mahali pa kusema, anasema kwa kuondoka. Angalieni: mwaka wa 2023 marubani wa kompani ya Delta, wenye sendika, walipata mukataba wa kupandisha mushahara kwa 34 % katika miaka minne. Rubani wa jeshi anaona, anahesabu, anaandika barua ya kuacha kazi. Jeshi la hewa la Marekani likaongeza zawadi ya kumuzuia: mpaka dola 50.000 kwa mwaka kwa mwenye kukubali kubakia. Feza inasaidia, ndiyo. Lakini wakiwa hawatoshi, kazi ya waliobakia inaongezeka, masaa katika jamaa yanapunguka, na wengine wanaondoka tena. Ni shimo lenye kujichimba lenyewe. Sisi tunalijua shimo hilo: kila mara kompani inapofukuza wazee wa mashini ili kupunguza mishahara, kisha miaka mitatu inawatafuta tena kwa tochi.

Kwetu: jeti ya masomo, pasipo masomo

Sasa tushuke nyumbani, sababu jambo hili lina historia yake huku Katanga.

Mwezi wa pili 1961, wakati wa utengano, jeti tatu za Fouga Magister zilifika Elisabethville. Fouga haikutengenezwa kwanza kwa vita. Ni jeti ya masomo, ya viti viwili, Wafaransa waliifanya kwa kufundisha vijana wao. Mukia wake ni kama herufi V. Kufikia mwezi wa tisa ilibakia moja tu yenye kuruka. Hiyo moja ilitosha. Ikitoka Kolwezi, ilipiga askari 155 wa Ireland wa ONU waliozungukwa kule Jadotville, Likasi ya leo, mpaka wakaishiwa maji na risasi na kujitoa. ONU yenyewe haikuwa na jeti hata moja ya kujibu; kisha ilipashwa kuomba Uswidi, India na Ethiopia. Wazee wa Likasi na Kolwezi walioishi siku zile waliiona kwa macho.

Lakini ndani ya ile ndege alikaa nani? Rubani mugeni wa kulipwa. Hakuna mutoto wa Kolwezi aliyekaa katika kiti cha pili kujifunza. Jeti ya masomo ilikuja, masomo hayakuja.

Zaïre ilifanya vizuri zaidi kwa muda: ilinunua Aermacchi za Italia, kisha Mirage za Ufaransa katika miaka ya 1970, na vijana wetu walifundishwa kweli. Lakini masomo yanataka petroli, vipande vya kubadilisha na mushahara wenye kufika kila mwezi. Vitu hivyo vilipopotea, walimu walipotea navyo. Mwanzo wa 1997, vita ilipokaribia Kisangani, utawala wa Mobutu ulileta jeti za Jastreb kutoka Yugoslavia, na Waserbia wa kulipwa kuzirusha. Jastreb nayo ilizaliwa kutoka jeti ya masomo, Galeb. Mara ya pili, miaka 36 kisha Fouga, hadisi ileile: kiti cha pili bure. Miezi michache kisha, utawala ulianguka.

Sasa pimeni na China. China ilikuwa na feza ya kutosha kukodi marubani wa kigeni wamurushie ndege. Haikufanya vile. Ilikodi walimu. Alikodi mwalimu, mwaka mumoja, miwili, mayele yanabakia kwake siku mugeni anarudia kwao. Sisi tulikodi rubani: siku mukataba umekwisha, ao siku risasi imekaribia, rubani anapanda ndege ya kwenda kwao na anga letu linabakia wazi. Hatusifu namna China ilivyopata walimu wake. Tunasema tu ilijua cha kununua. Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri.

Hayo si mambo ya zamani peke yake. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023, Sukhoi-25 ya jeshi letu ilipigwa kombora la Rwanda karibu na Goma, ikashuka na moto kwenye bawa. Mwaka uleule tulisikia habari za droni za CH-4 kutoka China. Wengine wakasema: basi, marubani hawana kazi tena. Hapana. Droni nayo iko na mutu mwenye kuiongoza, na mutu huyo iko na mwalimu. Kiti kimehama kutoka hewani kuja chini, lakini ulizo ni lilelile: kiti cha pili, nani amekikalia?

Tunaomba nini

Bei ya silaha na idadi ya mabomu inaweza kuwa siri ya jeshi. Idadi ya walimu, hapana. Tunaomba wabunge wetu, kila mara serikali inanunua ndege ao droni, waulize mambo matatu. Wakongomani wangapi watafundishwa kwa mukataba huu? Wangapi kati yao watafundishwa kuwa walimu, si marubani tu? Na mwaka gani mwalimu mugeni wa mwisho atatuachia ufunguo? Mukataba usio na majibu hayo matatu ni kununua fujo la motere.

Tena mwalimu alipwe kama mwalimu. Asipoteze cheo sababu alibakia ku masomo wakati wenzake wanapigana. Na akimaliza utumishi wake, apate mahali pa kuendelea kufundisha hapa, mbele mugeni hajamupigia simu.

Kwa wenzetu wa madini tunasema vilevile. Kila mwaka tunaona kamyo na mashini mupya zikishuka, na pamoja nazo mugeni wa kuziendesha na kuzitengeneza. Delege wa sendika akikaa kwenye meza ya kuzungumuza, tuna desturi ya kuanza na mushahara. Ni haki. Lakini kuanzia sasa, katika mazungumuzo ya kila kompani, tuandike pia mustari huu mbele ya kutia sahihi: kila mashini yenye kuingia, iingie na kiti cha pili, na jina la Mukongomani mwenye kukikalia.